Vijidudu vya bahari vinavyokula mafuta: maswali ya watu wa pwani, Unguja na Pemba

Maswali haya nimeyaokota madikoni, kwenye mashamba ya mwani, kwa mafundi wa mashine za boti na darasani ninakofundisha biolojia. Mengine nimeulizwa mara moja tu, mengine kila nikishuka pwani. Nimeyaacha kwa namna yalivyoulizwa. Nikisema mafuta hapa nakusudia petroli, dizeli, mafuta ya taa, oili ya mashine, mafuta mazito ya meli na mafuta ghafi yanayochimbwa. Mafuta ya nazi, au sifa ya papa inayopakwa majahazi, ni habari nyengine, ingawa nayo bahari huyala.

Mwalimu, ni kweli kuna vijidudu vinavyokula mafuta, au ni maneno ya vitabuni tu?

Ni kweli, na mafundi wa mashine wanavijua kabla yangu. Dizeli ikikaa tangini na maji kidogo chini yake, baada ya muda filta huziba kwa utelezi wa kahawia au mweusi, mfano wa ute wa bamia uliochacha. Ule utelezi ni jamii nzima ya bakteria na kuvu. Hukaa pale maji na dizeli yanapogusana: maji yanawapa uhai, dizeli inawapa chakula. Kuvu mmoja, Hormoconis resinae, amewasumbua watu wa ndege kwa miaka mingi kwa sababu hustawi ndani ya mafuta ya injini zao. Kwa hiyo fundi akikwambia dizeli imeoza, mwamini.

Wanasayansi nao hawakuanza jana. Mwaka 1946 Mmarekani Claude ZoBell alikusanya habari zote zilizokuwepo hadi wakati wake, akataja aina karibu 100 za bakteria, hamira na kuvu wenye uwezo huo. Mwaka 1998 yakatolewa maelezo rasmi ya bakteria ambaye leo anajulikana kuliko wote, Alcanivorax borkumensis, aliyepatikana Bahari ya Kaskazini karibu na kisiwa cha Borkum, Ujerumani. Jina lake la kwanza maana yake ni mlafi wa alkani, na alkani ndiyo sehemu kubwa ya dizeli. Ukipanga bakteria hawa 500 kwa urefu, watatimiza milimita moja hivi. Ukimpa sukari hali. Maisha yake yote yamefungwa kwenye mafuta, na jamaa zake wamekutwa katika bahari za dunia nzima.

Nani aliyevileta huku kwetu?

Hakuna aliyevileta, na ndilo jambo ninalopenda watu walijue mwanzo. Bahari ilikuwa na hidrokaboni, yaani vitu vya kaboni na hidrojeni ambavyo ndivyo mafuta haya, kabla mwanadamu hajachonga mtumbwi wa kwanza. Sehemu nyingi za dunia mafuta hujichuruzia yenyewe kutoka kwenye nyufa za sakafu ya bahari. Kadirio lililotolewa Marekani mwaka 2003 liliweka mchuruziko huo kwenye tani 600,000 kwa mwaka, karibu nusu ya mafuta yote yanayoingia baharini kutoka kila upande. Sisi mfano tunao nyumbani: Tundaua, upande wa magharibi wa Pemba, mafuta hujitokeza yenyewe ardhini, na watafutaji wa mafuta wanaitaja sana wanapozungumzia miamba ya visiwa hivi.

Kuna chanzo kikubwa zaidi ambacho wengi hawakisikii. Baharini wamejaa bakteria wadogo wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama lifanyavyo jani la muhogo. Wanaitwa Prochlorococcus na Synechococcus, na kila mmoja ana alkani kidogo mwilini mwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kwa pamoja hutengeneza baina ya tani milioni 300 na 800 kila mwaka. Wanapokufa, mafuta yao humwagika kwa vitone ambavyo hakuna jicho liwezalo kuviona, na walaji huvimaliza palepale. Ndiyo maana ukichota kikombe cha maji safi Kizimkazi au Kojani, humo ndani mna mamilioni ya bakteria, na baadhi yao, wachache sana, wana ujuzi wa kula mafuta. Siku mafuta yanapomwagika hao wachache huzaana hadi wakawa wengi kupita wenzao.

Kinywa hawana. Wanakulaje?

Hili aliniuliza mwanafunzi wa darasa la saba, na mimi naliona swali zuri kuliko yote.

Tatizo la kwanza ni kwamba mafuta na maji havipatani, na bakteria ni kiumbe wa maji. Basi hujitengenezea sabuni yake mwenyewe, iliyounganishwa kwa sukari na asidi za mafuta, akaitoa nje ya ngozi yake. Sabuni hiyo huyakata mafuta yakawa vitone vidogo, naye akajigandisha juu ya kitone. Kadiri vitone vinavyokuwa vidogo ndivyo nafasi ya kukaa inavyoongezeka. Mafuta yaliyotanda kwa unene hayaliki upesi hata walaji wawe wengi namna gani, kwa sababu wote wanagombania uso mmoja.

Chukua sasa alkani moja uitazame kama uzi wa shanga, kila ushanga ni atomu ya kaboni. Ndani ya ngozi ya bakteria mna kimeng'enya kinachochukua oksijeni na kuipachika kwenye ushanga wa mwisho. Kazi ngumu ni hiyo moja, na wanyama na mimea iliyo mingi haiwezi kuifanya kwa kasi ya namna hii. Uzi uliopachikwa oksijeni hugeuka alkoholi, kisha ukawa asidi ya mafuta, aina ileile iliyomo ndani ya nazi. Kuanzia hapo tofauti yake na wewe uliyekula wali wa nazi ni ndogo: mwili wake na wako hukata shanga mbili mbili, ukapata nguvu, ukajijenga, ukatoa maji na hewa ukaa.

Mafuta yenye umbo la pete yanataka mtu mwengine. Naftalini, ile ya vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini, ni pete mbili zilizoshikana. Bakteria kama Cycloclasticus hupachika atomu mbili za oksijeni kwa mpigo mmoja ili pete ilegee na kufunguka. Hakuna bakteria mmoja anayeweza kumaliza mafuta ghafi peke yake, maana ndani yake mna maelfu ya aina za hidrokaboni. Mmoja anaanza, mwengine anakula mabaki ya mwenzake, wa tatu anakula taka za hao wawili. Nyuma yao huja viumbe wa chembe moja wanaokula bakteria, hao wakaliwa na wakubwa zaidi. Sehemu ya ile dizeli, kwa njia hiyo, huishia kwenye ukoo wa chakula cha samaki ikiwa imekwishabadilika kabisa.

Yanaliwa yote, kisibaki kitu?

La. Nyuzi fupi na za wastani zilizonyooka huanza kwenda. Zenye matawi hufuata, kisha pete moja na mbili, kisha pete nyingi kwa shida kubwa. Mwisho hubaki vitu vizito, asfalti na jamaa zake, ambavyo karibu havina mlaji. Yale madonge ya lami yanayookotwa ufukweni, yanayoganda kwenye nyayo na yasiyotoka mpaka kwa mafuta ya taa, ni makombo ya karamu iliyofanyika mbali. Jua limeyakausha, walaji wamechukua walichokitaka.

Inachukua siku ngapi?

Inategemea yamemwagika mafuta gani, na wapi. Nitaanza na gani.

Petroli ikimwagika mchana wa jua, sehemu kubwa hupaa hewani ndani ya saa chache, bakteria hawajaanza hata kazi. Mvuke wake ni sumu na unashika moto, basi usikae upande unakoelekea upepo. Dizeli ikimwagika bahari ya wazi yenye mawimbi, kiasi kikubwa hupaa na kutawanyika kwa siku chache, na kilichobaki kwa kawaida huliwa katika mwezi mmoja au miwili. Oili ya mashine ina hidrokaboni nyingi zenye matawi na pete, ndiyo maana hukawia kwa miezi. Mafuta mazito yanayochomwa na meli kubwa huhesabiwa kwa miaka. Tena mafuta hayo yakipigwa na mawimbi hunyonya maji mpaka robo tatu ya mchanganyiko ikawa maji, yakavimba na kuwa mazito ya kahawia. Wataalamu wa nje huyafananisha na vyakula vyao vya kwao. Mimi huwaambia watu wawaze halua iliyomwagika juu ya bahari. Ndani ya halua hiyo oksijeni haipenyi.

Kwa joto tuna bahati. Maji yetu ni nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi mwaka mzima, na bakteria hufanya kazi upesi zaidi kwenye joto hilo kuliko kwenye baridi ya Alaska, ambako meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta mwezi Machi 1989, tani zipatazo 37,000. Huko zaidi ya miaka 20 baadaye watu waliendelea kufukua mafuta chini ya mawe ya ufukweni. Lakini joto peke yake halitoshi, kama nitakavyoeleza.

Kama walaji wapo tayari na joto lipo, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba hakuna anayeishi kwa mafuta matupu. Bakteria akipata mafuta huwa mfano wa mtu aliyepewa gunia la wanga bila ya samaki wala hewa ya kuvuta.

Tuanze na hewa. Kuchoma kilo moja ya hidrokaboni hadi mwisho kunahitaji oksijeni kiasi cha kilo 3.4. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la huku kwetu hubeba oksijeni miligramu 6 na ushei tu. Fanya hesabu: kilo moja ya dizeli, ikiliwa yote, ingemaliza oksijeni ya lita 500,000 za maji. Katika bahari inayokwenda, yenye mawimbi na mkondo unaopanda kaskazini mwaka mzima, oksijeni hiyo hurudishwa na upepo. Katika hori lililotulia wakati wa maji mafu, hairudi upesi.

Kisha nitrojeni na fosforasi, ambazo bila hizo hakuna mwili unaojengwa. Kugeuza gramu moja ya mafuta kuwa miili ya bakteria kunataka takriban miligramu 150 za nitrojeni na 30 za fosforasi. Kwa tani moja ya mafuta ni kilo 150 za nitrojeni, yaani mifuko 6 na nusu ya urea ya kilo 50. Maji yetu ya buluu yanayopendeza picha ni mazuri hivyo kwa sababu yana virutubisho vichache sana. Walaji wapo, chakula kipo, lakini kuzaana wanashindwa.

Mafuta yakiingia kwenye mikoko itakuwaje?

Hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe kwa utulivu, kwa sababu kila nilichosema juu kinabadilika.

Mwezi Septemba 1969 tishari lililoitwa Florida lilipanda mwamba pwani ya West Falmouth, Massachusetts, Marekani, likamwaga mafuta ya aina inayokaribiana sana na dizeli. Kwenye maji ya wazi yalitoweka upesi kama unavyotarajia. Lakini sehemu yake iliingia kwenye kinamasi cha majani ya pwani, ikazama ndani ya tope. Wachunguzi walirudi baada ya miaka 30 wakakata tope hilo, wakayakuta mafuta yale yale, sentimita chache chini ya uso, mengine yakiwa yamebadilika kidogo tu. Mafuta ambayo bahari ya wazi huyamaliza kwa miezi miwili, tope limeyahifadhi kwa umri wa mtu mzima. Huko Panama, kwenye ghuba ya Bahía Las Minas, mafuta ghafi yaliyomwagika kwenye mikoko mwaka 1986 yaliendelea kuvuja kutoka topeni, yakipaka mizizi upya, miaka kadhaa baada ya tukio.

Sababu ni hewa. Ukiingiza kidole kwenye tope la mikoko, juu ni la kahawia, chini kidogo ni jeusi na linanuka yai viza. Hiyo rangi na harufu ni alama kwamba oksijeni imekwisha. Wapo bakteria wanaoweza kula hidrokaboni bila oksijeni, wakitumia salfeti ya maji ya chumvi badala yake. Wanasayansi walianza kuwapata kwa uhakika kuanzia miaka ya 1990 hivi. Wanafanya kazi, lakini kwa mwendo wa kobe, na aina nyingi za mafuta hawaziwezi.

Halafu mti wenyewe unategemea mizizi kupumua. Mchu una vile vijiti vinavyosimama juu ya tope kama misumari. Mkoko una mizizi ya upinde yenye vitundu vidogo. Mafuta yakipaka vitundu hivyo mti unabanwa pumzi. Kaa naye, ambaye mashimo yake ndiyo yanayopeleka hewa chini, hufa au huhama, na tope linakosa hata ile hewa kidogo. Miti ikifa mizizi inaoza, tope linashuka, bahari inaanza kula ardhi. Watu wa Chwaka na wa Micheweni sihitaji kuwaeleza thamani ya mikoko.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye hori moja, sitalitaja, ambako chombo kimoja kilikuwa kimefuliwa maji ya ngama, yaani maji yenye oili yanayokusanyika chini ndani ya chombo, wakati wa bamvua, maji yamejaa hadi ndani kabisa ya miti. Wenyewe waliona maji yataondoka nayo. Maji ya bamvua kwetu hupanda na kushuka mita 4 hivi, kwa hiyo yalipokupwa yaliyaacha mafuta juu ya kila mzizi na ndani ya kila shimo la kaa. Mama mmoja mchokoaji wa kombe alinionyesha kikapu chake kimeloa rangi ya upinde wa mvua. Nilirudi pale mwaka uliofuata, nikachoma kijiti topeni, na ile rangi ikapanda tena. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisema hili kila nipatapo nafasi: mafuta yakimwagika, kazi ya kwanza ya kila mtu ni kuyazuia yasiingie mikokoni. Huko nje walaji watasaidia. Humo ndani hawana pumzi.

Nitajuaje kwamba utando ninaouona ni mafuta kweli?

Swali la maana, maana kwenye tope la mikoko hutokea utando wa rangi unaotengenezwa na bakteria wa chuma, usio na madhara. Chukua kijiti uuguse. Ukivunjika vipande vipande kama kioo chembamba na vipande vikakaa mbalimbali, ni wa asili. Ukijikunja na kuungana tena nyuma ya kijiti, ni mafuta. Harufu pia haidanganyi.

Tukimwaga sabuni ya unga juu yake, si yanapotea?

Yanapotea machoni. Sabuni huyakata mafuta yakazama ndani ya maji, pale pale walipo samaki wachanga, matumbawe na majani ya bahari. Mtu juu ya boti anaona maji safi, aliye chini anavuta mafuta na sabuni kwa pamoja. Zipo dawa maalumu za kutawanya mafuta na zilitumika kwa wingi Ghuba ya Mexico mwaka 2010, lakini hata hizo wataalamu hawazitumii ovyo karibu na matumbawe na maji ya kina kifupi. Bakteria akitengeneza sabuni hutengeneza kidogo na huitumia kwenye kitone alichokikalia. Pakiti ya unga haifanyi hivyo.

Basi urea? Umesema wanakosa nitrojeni.

Nilijua litakuja. Huko Alaska baada ya mwaka 1989 walinyunyiza mbolea kwenye fukwe za mawe, nyengine ikiwa imetengenezwa makusudi ishikane na mafuta, na vipimo vilionyesha kazi ya bakteria imeharakishwa mara mbili hadi tano. Njia hiyo ni ya kweli na inaheshimika. Ila ilifanywa kwenye mawe na kokoto zinazopitisha hewa, kwa vipimo vya kila mara, baada ya mafuta mengi kuondolewa kwanza kwa mikono na mitambo. Kwetu ukimwaga urea majini itachukuliwa na maji, na inakotua itaamsha magugu ya bahari yanayofunika matumbawe. Kwenye tope la mikoko haisaidii, kwani kilichokosekana pale ni hewa. Muachie mtaalamu mwenye vipimo.

Kuna mtu anauza bakteria wa chupa. Na nimesikia wapo waliotengenezwa maabara.

Wapo. Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliunganisha uwezo wa bakteria kadhaa ndani ya mmoja ili ale aina nyingi za mafuta. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkubalia hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake, na kesi yake ikawa maarufu kwa sababu ilikuwa inahusu kiumbe hai. Bakteria mwenyewe hakupata kumwagwa baharini kusafisha kitu.

Wa chupa wanakutana na tatizo moja: wenyeji wapo, wamezoea chumvi, jua na maadui wa hapa. Majaribio ya fukweni mara nyingi hayakuonyesha faida ya wazi ya kuongeza wageni juu ya wenyeji. Fedha hizo bora zinunulie matandiko ya kunyonyea mafuta.

Na meli ikizama Mkondo wa Pemba, kule kwenye kina?

Mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi, tofauti na maji yaliyo baina ya Unguja na bara ambayo ni ya kina kifupi. Ghuba ya Mexico, kisima cha Deepwater Horizon kilipolipuka mwezi Aprili 2010 na kuua watu 11, mafuta yalitoka kwa siku 87, na sehemu yake ilitanda kama wingu kwenye kina cha mita 1,100, maji yakiwa na nyuzi 5 tu. Wengi walitaraji kule chini kungekuwa kimya. Watafiti walikuta bakteria wa ukoo wa Oceanospirillales wamezaana humo na wanakula. Oksijeni ya maji yale ilipungua, na sehemu ya mafuta ilitua sakafuni kabla haijaliwa. Kwa hiyo kina hakikosi walaji, ila wana baridi ya kuwachelewesha.

Mwani wangu umepakwa mafuta. Nifanyeje, mwanangu?

Bibi, ulioloa usiuanike pamoja na mzima, kwa sababu mafuta huhama na utaharibu gunia zima. Kamba zilizo upande safi na mwani wake umekomaa, zivune mapema kama maji yanakuruhusu. Usishangae pia ule uliosalimika ukidumaa kwa muda: bakteria wanaokula mafuta hunyonya nitrojeni ileile ya majini ambayo mwani unaitaka.

Samaki na kombe wa hapo wanalika?

Samaki wa mapezi wana ini linalovunja nyingi ya hidrokaboni za pete, na wakihama maji machafu husafika kwa wiki kadhaa. Kombe na chaza hawana uwezo huo. Huchuja maji siku nzima na kulimbikiza kilichomo, tena hawahami. Pahala penye mafuta acheni kuchokoa mpaka patakapopimwa. Kitu chochote kinachonuka mafuta kisipikwe, hata kikiwa cha bure.

Oili chafu ya mashine yangu ni kikopo tu. Bahari kubwa yote hii?

Kaka, kikopo chako kinaniumiza kuliko meli, kwa sababu meli sijaiona ikizama mwaka huu, na kikopo nakiona kila wiki. Oili iliyotumika imebeba vumbi la chuma la injini na hidrokaboni za pete nyingi zilizozaliwa na moto, zile ambazo bakteria wanazishindwa na ambazo baadhi yake huleta saratani. Na humwagwa wapi? Ukingoni, maji yakiwa yametulia, mara nyingi karibu na mikoko. Meli kubwa kwa sheria ya kimataifa haziruhusiwi kumwaga maji yenye zaidi ya sehemu 15 za mafuta katika milioni. Kikopo cha oili kwenye maji ya ngama kinapita kipimo hicho mara nyingi sana.

Weka dumu moja dikoni, liwe na mfuniko na mwenye kulisimamia, oili yote iingie humo mpaka ipatikane njia ya kuichukua. Ngamani weka kifurushi cha usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ndani ya kipande cha wavu. Usumba mkavu hunyonya mafuta vizuri na kwetu haununuliwi. Watu wa Morisi, meli ya Wakashio ilipovunjika kwenye matumbawe yao mwaka 2020 na kumwaga tani zipatazo 1,000, walishona vizuizi kwa majani ya miwa na hata nywele. Sisi tuna makumbi. Yakishaloa yahifadhiwe gunia moja pahala pakavu, yasifukiwe mchangani.

Vijidudu hivi vinakula na plastiki?

Hivi hapana, au kwa kiasi kisichohesabika. Plastiki ni uzi mrefu kupita uwezo wao.

Nikiona mafuta, nimwambie nani?

Bwana diko na sheha mara moja, ili habari ifike Mamlaka ya Usafiri Baharini na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Taja saa, pahala, rangi, upepo wa kusi au kaskazi, na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linaloonyesha saa zimebaki ngapi kabla mafuta hayajafika kwenye miti. Kama yanajaa, fungeni mdomo wa hori kwanza kwa nyavu zilizojazwa makumbi, simu ipigwe na mwengine.

Wanafunzi wangu wanaweza kuviona kwa macho?

Vyenyewe havionekani, kazi yao inaonekana. Chukueni chupa tatu za kioo. Mbili tieni maji ya bahari hadi nusu na matone machache ya dizeli. Moja kati ya hizo iongezeeni punje mbili tatu za urea. Ya tatu ijazeni tope jeusi la mikoko, tieni matone yaleyale katikati ya tope, mfunike na maji juu, msiitikise kabisa. Zile mbili za kwanza zitikisweni kila siku na kufunguliwa zipate hewa. Fanyieni nje, mbali na moto, na mwalimu awepo. Baada ya wiki kadhaa maji yenye urea yatakuwa na ukungu, na utando wa dizeli utakuwa umekatika vipande. Ya pili itakuwa nyuma yake. Mwisho wa muhula ndipo mfungue ile ya tatu na mnuse. Yaliyomo yote mwagieni kwenye dumu la oili chafu, si kwenye mtaro.